Imara au tulivu? Mhadhara kuhusu kusasisha programu

Jamani, karibuni. Naomba nianze kwa kulalamikia neno. Debian, mfumo endeshi wa kompyuta wa jamii ya Linux, hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka miwili, na kila tunapolitaja kwa Kiswahili tunakimbilia kusema "toleo imara". Hata mimi nimeandika hivyo kwa muda mrefu. Lakini imara ni kitu kisichovunjika: nguzo, msingi, mwamba. Toleo hili halijaahidi hilo hata kidogo. Limeahidi kwamba tabia yake haitabadilika ukiwa nalo mkononi, basi. Ni tulivu, kama maji ya kisimani. Na maji yaliyotulia huweza kuwa na wadudu, mnajua wenyewe.

Niliijua tofauti hiyo kwa kuumia. Kompyuta yangu ya mezani ina Arch Linux, ndugu yake Debian, ambayo haina matoleo kabisa. Programu mpya ikitoka, haichukui muda inakufikia. Ni raha tupu. Kwa uvivu nikaiweka Arch hiyo hiyo kwenye seva yenye hifadhidata ya PostgreSQL. Usiku mmoja nikaandika amri ya kusasisha, nikajibu ndiyo bila kusoma orodha, nikaiwasha upya seva. Hifadhidata ikagoma. Ujumbe wake ulikuwa wa adabu kabisa: data hii iliandaliwa na toleo lililotangulia, mimi siwezi kuisoma. Sasa angalieni, hakuna kilichoharibika hapo! Kila kifurushi, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, kilikuwa kizima. PostgreSQL hutoa toleo kubwa kila mwaka, na nyaraka zake zinasema wazi kwamba ukipanda toleo kubwa lazima uihamishe data. Arch wana hata kifurushi maalumu chenye toleo la nyuma kwa kazi hiyo hasa. Mimi nilikigundua saa nane za usiku. Kwenye Debian matoleo makubwa mawili hukaa pamoja katika mashine moja, na la zamani huendelea na kazi mpaka uamue mwenyewe siku ya kuhama.

Msije mkasema basi tusisasishe. Tarehe 1 Julai 2024 watafiti wa kampuni ya usalama ya Qualys walitangaza tundu la usalama katika OpenSSH, programu tunayoingilia kwenye seva tukiwa mbali. Lilikuwa tundu la zamani. Lilizibwa mwaka 2006, kisha mabadiliko yaliyoingia katika toleo la 8.5p1 yakalifukua bila mtu kukusudia. Aliyekuwa bado na Debian 11, yenye 8.4p1, alilala fofofo. Wa Debian 12, yenye 9.2p1, alikuwa hatarini.

Wasanidi wa OpenSSH wakatoa 9.8p1. Je, Debian 12 ilipandishwa hadi huko? Hapana. Watunza vifurushi walichukua marekebisho ya tundu lile peke yake, wakayashona kwenye 9.2p1. Matokeo yake ni hii namba niliyoiandika ubaoni: 9.2p1-2+deb12u3. Isomeni kuanzia kushoto. 9.2p1 ni msimbo kama ulivyotoka kwa wasanidi. Ile 2 ni mara ya pili Debian kuufungasha. Na deb12u3 ni sasisho la tatu ndani ya Debian 12. Utulivu wote ninaouhubiri umo kwenye mkia huo. Zana za ukaguzi zinazosoma kichwa cha namba tu zitakuletea ripoti kwamba una programu mbovu, bosi atakuja juu, mwonyeshe mkia.

Ila kushona kunahitaji mkono, na mkono hukosea. Hapa wapenzi wenzangu wa Debian huwa hawapendi kunisikiliza. Mwaka 2006 mtunza kifurushi mmoja wa Debian alizima mistari miwili ya msimbo wa OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano kwa siri, kwa sababu zana ya kukagua kumbukumbu ilikuwa ikiitolea maonyo. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza unasibu, yaani kutotabirika, katika kutengeneza funguo za siri. Kwa karibu miaka miwili, hadi Mei 2008, kilichobaki cha kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato, ile ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, nayo haizidi 32,768. Mtu angeweza kuzitengeneza funguo zote hizo nyumbani, akazijaribu mmoja mmoja. Hakikuwa kiraka cha usalama, yaani marekebisho ya kuziba tundu, najua. Lakini ukichagua toleo tulivu umechagua pia kuamini watu wanaogusa msimbo ambao hawakuuandika.

Kwangu seva zote ni Debian sasa. Viraka vya usalama vinajisakinisha vyenyewe kila siku, na kupanda toleo kuna tarehe yake kwenye kalenda. Mezani nimebaki na Arch, ila siku hizi nasoma kwanza ukurasa wao wa habari.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni: na vivinjari je? Huko hata Debian wamesalimu amri. Chromium inakwenda mbio mno, hakuna wa kukaa ashone viraka kwenye msimbo wa miaka miwili nyuma. Kwa hiyo ndani ya toleo tulivu kuliko yote utakikuta kivinjari kinapanda matoleo mfululizo, utadhani uko Arch. Na sijasikia mtu akilalamika.