Jangwani, Nyuma ya Uwanja wa Kaunda

Ndugu Mwenyekiti, ndugu zangu wanafunzi wa mipango miji, na wazee wa mtaa wa Mtambani mliokubali kuja kutusikiliza jioni ya leo, ninawashukuru. Nimeombwa nizungumze kuhusu namna watu wa nje wanavyoitazama Jangwani, hapa Dar es Salaam. Nitaanzia mahali ambapo wengi wenu mmeketi mara nyingi bila kujua kwamba mnatazama mada ya mhadhara, yaani dirishani mwa basi la mwendokasi.

Abiria anayetoka Magomeni Mapipa kuelekea kituo cha Fire hulivuka bonde la Msimbazi kwa muda mfupi sana, na katika muda huo huona matete, maji yaliyotuama, chupa za plastiki zilizokwama, vijana wawili watatu wameketi kivulini, na upande wake wa kulia, kwa mbali, jengo la klabu ya Yanga lenye rangi za kijani na njano. Nyuma ya jengo hilo kuna Uwanja wa Kaunda. Mara nyingi abiria hajui kwamba ni uwanja. Mwaka mmoja wa masika nilikaa kiti kimoja na mama aliyekuwa na mjukuu wake. Mtoto akauliza, "Bibi, pale ni wapi?" Bibi akajibu, "Pale pabaya, mwanangu, kaa vizuri." Halafu tukafika Fire, na mazungumzo yakawa juu ya viatu vya shule. Nimelifikiria jibu lile kwa muda mrefu, kwa sababu yule bibi hakuwa mtu mkali wala mwenye dharau. Alikuwa anampa mjukuu elimu ya jiji kama yeye alivyopewa.

Kwa hiyo ninaomba tuutazame uwanja wenyewe kwanza. Uliwekwa jina la Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, katika zama ambazo Dar es Salaam na Lusaka zilikuwa zikijengewa reli moja na kuhesabiana kama ndugu wa mapambano. Klabu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilikuwa na jengo lake kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, jambo ambalo waandishi wetu wa michezo hawajawahi kuchoka kulitaja, na uwanja wake wa mazoezi nyuma yake. Kwa kijana wa Jangwani wa wakati ule, wachezaji wakubwa wa nchi hii walikuwa majirani: wakipita kwa miguu, wakinunua machungwa palepale anaponunua yeye. Kisha maji yakaanza kuja kila mwaka kwa wingi zaidi, mchanga ukapanda, nyasi za mpira zikageuka matete, na timu ikahamishia mazoezi yake kwingine. Leo kikosi kinajifua Avic Town, Kigamboni, ng'ambo kabisa ya bandari, na mechi zake huchezwa katika viwanja vya watu wengine. Kaunda ukabaki. Malori ya kifusi yamemwagwa pale, ahadi za uwanja mpya zimetangazwa zaidi ya mara moja, zikiwa na michoro mizuri ya kupendeza, na kila baada ya ahadi masika yamefika kwa wakati wake.

Uwanja uliotelekezwa una kazi moja ambayo uwanja unaotumika hauna: unatoa ushahidi. Mtu wa nje akiona nguzo ya goli imesimama ndani ya maji, hasemi kwamba mto umebadilika. Anasema kwamba watu wa pale hawajali. Magofu huhamisha lawama, na humwangukia aliye karibu nayo, hata kama hakuyajenga wala hakuyabomoa. Mkazi wa Mtambani hana hisa katika uwanja ule, hana ufunguo wake, na pengine ni shabiki wa Simba, klabu pinzani ya Yanga. Lakini sura ya uwanja imekuwa sura yake.

Hapo ndipo linapoingia neno ambalo nyote mlikuwa mnalisubiri. Mashabiki wa Simba huwaita watani wao vyura, kwa sababu makao yao hujaa maji na vyura hulia humo usiku kucha. Mimi si adui wa utani. Bila utani wa jadi jiji hili lingekuwa gumu zaidi kuishi. Lakini fuateni neno hilo linavyosafiri. Linaanzia kwa timu, linapita kwa jengo, halafu linatua kwa mtoto anayetoka nyumba za nyuma ya jengo, ambaye anaitwa chura shuleni, na huyo hachezi ligi yoyote. Na kuna kichekesho ndani ya kichekesho: wanaowacheka wenzao kwa mafuriko hujiita kwa fahari Wekundu wa Msimbazi, kwa jina la mtaa wenye jina moja na mto uleule unaoleta mafuriko. Msimbazi wa mtaani Kariakoo ni sifa. Msimbazi wa bondeni ni aibu. Kati yao ni mwendo wa kutembea kwa miguu.

Jina la Jangwani lenyewe limegawanyika hivyohivyo. Mzazi ambaye binti yake amechaguliwa Shule ya Sekondari Jangwani hutangaza habari hiyo mpaka msibani. Shabiki anapoimba "watoto wa Jangwani" kifua humjaa. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha Misa katika viwanja vya Jangwani mbele ya umati mkubwa, na mwaka 2015, katika mwezi mmoja wa Agosti, CCM na UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, kila mmoja alizindulia kampeni zake palepale, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine mjini penye nafasi ya kutosha watu wote wale. Siku hizo hakuna aliyesema kwamba Jangwani ni pabaya. Ubaya hurudi wageni wakishaondoka, na neno hubadilika: hawasemi tena Jangwani, wanasema "mabondeni". Sikilizeni tofauti. Jangwani ni mahali, na mahali pana historia na wazee. Mabondeni ni hali, na watu wa mabondeni ni aina ya watu.

Sasa nizungumzie maji, maana bila maji mada hii itabaki kuwa malalamiko. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Kisarawe na Pugu, hupita Vingunguti, hupokea vijito vya Ubungo na Sinza, na humalizikia baharini pale Salenda, kwenye mikoko. Jangwani ni sehemu yake ya chini, tambarare, ambapo maji hupunguza mwendo na kuuachilia mchanga yaliokuja nao. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wasiofika laki nne katika Dar es Salaam nzima. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni tano na laki tatu. Watu hao wamejenga juu ya vilima na mabonde ambayo zamani yalikuwa na miti na mashamba, wakaezeka mabati, wakasakafia nyua. Kila tone ambalo zamani lilizama ardhini Kimara au Segerea sasa linateremka, na linateremka na udongo na taka za njiani. Mto ukijaa mchanga, maji hayana pa kukaa isipokuwa pembeni, na pembeni ndipo ulipo Uwanja wa Kaunda pamoja na nyumba zilizo nyuma yake. Ndugu yangu mmoja anaishi huko juu, na mwaka jana aliweka vitofali uwanja mzima wa nyumba yake ili gari lisichafuke. Mvua iliponyesha alinipigia simu akiwa anatazama taarifa ya habari, akiwaona watu wamepanda juu ya mapaa, akasema, "Lakini hawa si waliambiwa wahame?" Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba sehemu ya maji yale imetoka uani kwake.

Waliambiwa, ni kweli, na sitalificha hilo. Mpango Kabambe wa jiji wa 1979 ulilitaja bonde la Msimbazi kuwa eneo la hatari, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baada yake familia nyingi za bondeni zilipewa viwanja Mabwepande, kule upande wa Bunju. Mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi zilipigwa alama nyekundu ya X na ubomoaji ukaanza. Mtu anayesema kwamba kuishi pale ni salama anawadanganya wakazi, na mimi sitawadanganya mbele ya nyuso zao. Vibaka wapo pia; nimeibiwa simu kwenye kivuko cha mbao, saa kumi na mbili jioni, na kijana aliyeichukua alikimbia akipita katikati ya vitanda vya mchicha bila kukanyaga hata kimoja, jambo ambalo lilinionyesha kwamba alikuwa anawajua wenye mchicha.

Ninachobishana nacho ni neno "wakaidi", ambalo hutumika kila mwaka kueleza kwa nini watu hawaondoki. Mama ambaye biashara yake ni kukaanga samaki na kuwauza Kariakoo, ambaye humudu kwenda na kurudi kwa miguu, akipelekwa Mabwepande anapewa kiwanja na kunyang'anywa soko. Wengine walikwenda, wakapangisha au kuuza, wakarudi. Ukaidi hapo uko wapi? Ni hesabu ya nauli tu. Na neno hilo linakuwa na ladha chungu zaidi mtu akikumbuka kwamba katika bonde hilohilo lililotangazwa kuwa la hatari ilijengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, kwa fedha nyingi za umma, na mabasi yalipoanza kazi mwaka 2016 haikuchukua muda kabla hayajalala ndani ya maji. Picha za mabasi yale yamezama mpaka madirishani mliziona. Sikumsikia mtu yeyote akiwaita waliochora mradi ule watu wa mabondeni.

Sifa mbaya ya mahali ina bei, ndugu zangu, na hapa ninawaomba wanafunzi wasikilize kwa makini kwa sababu siku moja mtaketi kwenye meza hizo. Kijana akiandika kwenye barua ya kazi kwamba anaishi Jangwani, bondeni, anayesoma huwaza gongo na mateja kabla hajawaza cheti. Ndiyo maana wengi huandika Kariakoo. Bodaboda wa usiku humshusha abiria barabarani na kumwambia amalizie mwenyewe. Posa huchelewa. Na thamani ya nyumba hushuka kabla mto haujaigusa, kiasi kwamba siku ya fidia ikifika, bei iliyopo mezani tayari imeshakatwa na maneno ya miaka arobaini. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde la Msimbazi: daraja jipya na la juu zaidi pale Jangwani, kupanua mkondo wa mto, kuhamisha watu, na kuacha sehemu ya bonde kuwa bustani kubwa ya jiji. Kiufundi ninauona kuwa mradi wenye akili kuliko yote iliyotangulia, kwa sababu unaanza na mto wenyewe. Lakini bustani hiyo ikishapandwa, bibi wa ndani ya basi atamwambia mjukuu kwamba pale ni pazuri, na wale ambao walikuwa ushahidi wa ubaya wake hawatakuwepo kulisikia jibu hilo.

Mtaniuliza wakazi wenyewe wanauonaje uwanja. Nilidhani watauonea haya. Asubuhi moja ya kiangazi mzee mmoja wa Mtambani alinitembeza. Ukutani kulikuwa na mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, naye alikuwa akiweka kiganja kwenye kila mstari na kuutaja mwaka wake, kama mtu anayepima kimo cha watoto wake mlangoni. Kwenye kona iliyokauka vijana walikuwa wanacheza chandimu, goli zao mawe mawili, huku kando yao mama akimwagilia matembele kwa ndoo. Nikamuuliza mzee kwa nini hawapigi kelele uwanja ule ufanywe kitu kingine. Akanishangaa. Alisema kwamba mgeni akija kwao humwelekeza hivi: shuka Jangwani, ulizia klabu, kisha uzunguke nyuma ya Kaunda. "Ukiuondoa," akasema, "nitawaambia nini?"

Miezi kadhaa baadaye tulikutana kwenye foleni ya kujaza fomu za uhamisho, chini ya turubai, jua kali. Zamu yake ilipofika, karani kijana, mwenye adabu, alimwita baba na kumpa kiti, kisha akamuuliza anakaa wapi. Mzee akajibu kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "Jangwani, nyuma ya Uwanja wa Kaunda." Karani akatikisa kichwa kukubali, akainama, akaandika neno moja: bondeni.