Mwimbaji Aliyeomba Kabati: Mazungumzo Kuhusu A Distant Shore ya Tracey Thorn

REHEMA: Hamjambo wapenzi wasikilizaji. Leo tumekusudia kuizungumzia albamu fupi ya mwaka 1982, A Distant Shore ya Tracey Thorn wa Uingereza, na mwishoni tumeandaa mambo matatu kwa wale wanaorekodi muziki nyumbani. Hata hivyo, naomba nianze na jambo lililotokea kwetu Jumanne. Nilikuwa jikoni na shangazi, yeye akichagua mchele kwenye ungo, mimi nikikuna nazi, na simu nimeiegemeza kwenye dirisha albamu hiyo ikicheza. Ulipofika wimbo wa "Seascape", shangazi, ambaye hajui Kiingereza hata kidogo, aliusimamisha mkono wake juu ya mchele akaniuliza, "Huyu binti yuko na nani hapo alipo?" Nikamjibu kwamba yuko peke yake na gitaa lake. Akasema, "Basi mpunguzie sauti, tusimwingilie."

SALIM: Nifikishie shikamoo yangu kwa shangazi. Wapo watu walioandika kurasa nzima juu ya albamu hii bila kulifikia alilolisema yeye.

REHEMA: Nitaifikisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza sauti inafanyaje hata ikamfanya mtu aone haya kuisikiliza, kana kwamba amechungulia chumba cha mwenzake.

SALIM: Mimi nadhani jibu liko kabatini.

REHEMA: Nilijua utalileta kabati, lakini sikutegemea uliingize mapema namna hii.

SALIM: Nisimulie kwa ajili ya wale wasioijua habari hii, dada Rehema, kwa sababu haiwezekani kuielewa sauti ya Thorn bila kulielewa kabati. Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 2013, anaeleza kwamba alipokuwa msichana wa shule aliingia katika bendi ya vijana wa mtaani kwao kama mpiga gitaa, na siku moja wenzake wakamtaka ajaribu kuimba. Aliona haya mno kuimba huku wanamtazama, akakubali kwa sharti kwamba aimbe akiwa ndani ya kabati la nguo. Akaingia, na hapo ndipo wenzake waliposikia kwa mara ya kwanza sauti ambayo baadaye ingeimba "Missing", ule wimbo ambao toleo lake la dansi lililochanganywa upya na DJ Todd Terry mwaka 1995 lilichezwa katika kumbi za dansi za dunia nzima.

REHEMA: Wasikilizaji wetu wengi wanamjua kwa wimbo huo, na ndiyo maana wanashtuka wanapoisikia A Distant Shore kwa mara ya kwanza. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna waitikiaji. Ni nyimbo nane za gitaa na sauti, zilizotolewa na lebo ndogo ya Cherry Red wakati mwenyewe akiwa mwanafunzi wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Hull. Aliyerekodi ni Pat Bermingham, ambaye studio yake ilikuwa kibanda cha bustani.

SALIM: Kibanda cha bustani ni kabati lenye dirisha.

REHEMA: Salim!

SALIM: Nasema kwa dhati kabisa, na nitaeleza kwa upande wa ufundi. Juzi, kwa ajili ya kipindi hiki, nililifungua kabati la kanga la mama, nikaingiza kichwa na maikrofoni, nikaimba beti mbili. Kanga zile zilizokunjwa, pamoja na mablanketi ya chini, hunyonya sauti, kwa hiyo hakuna kinachorudi kutoka ukutani. Unabaki unasikia pumzi yako, ulimi unavyogusa meno, na mwisho wa neno unavyozimika. Mtu aliyezoea kuimba mbele ya watu huipeleka sauti mbali ili imfikie aliyekaa nyuma, lakini ndani ya kabati hakuna mbali pa kuipeleka. Nilitoka nikinukia udi, na nilikuwa nimeimba kwa sauti ya chini kuliko wakati wowote ule.

REHEMA: Hapo nakubaliana nawe, na ningependa niongeze kitu. Maikrofoni nyingi za studio, mwimbaji anapoisogelea sana, huongeza uzito wa sauti za chini, na Thorn ana sauti ya chini kwa asili. Matokeo yake ni kwamba hata anapoimba polepole na kwa upole, sauti ina mwili. Sikilizeni "Plain Sailing", jinsi anavyoliachia neno la mwisho la mstari bila kulivuta wala kulipamba, kisha gitaa linaendelea kidogo kabla hajarudi. Mwimbaji mwingine angeijaza nafasi ile, lakini yeye anaiacha wazi.

SALIM: Msikilizaji wetu wa Muscat, ambaye ni dereva, alitutumia ujumbe wa sauti akisema kwamba huusikiliza wimbo huo alfajiri kabla hajachukua abiria wa kwanza, na kwamba abiria akishaingia huuzima. Anasema haoni aibu kwamba ni wimbo wa Kiingereza cha mapenzi, ila anaona kwamba si haki kumgawia mtu asiyeomba.

REHEMA: Huyo na shangazi wangekutana wangeelewana. Kutoka Mombasa naye dada mmoja ametuandikia kwamba ameipenda zaidi "Femme Fatale", wimbo wa Lou Reed ambao Nico aliuimba katika albamu ya kwanza ya bendi ya Velvet Underground, mwaka 1967. Anasema Nico anaimba kama mtu aliyesimama juu ya ngazi akitazama chini, lakini Thorn anaimba kama rafiki wa yule mwanamke anayesemwa, anayemjua na kumhurumia. Nimelirudia mara nyingi jambo hilo na naona yuko sahihi.

SALIM: Yuko sahihi kabisa. Na sababu ni kwamba ameuimba akiwa kabatini.

REHEMA: Sasa hapa nikusimamishe, kaka Salim, kwa sababu kabati linaanza kubeba mzigo usiokuwa wake. Ukisema kila kitu katika albamu hii kimetokana na haya, unamnyang'anya Thorn kazi yake. Unamfanya binti mwoga aliyerekodiwa kwa bahati.

SALIM: Simnyang'anyi. Nasema ninachokisikia. Ninasikia mtu mwenye kipaji kikubwa ambaye bado hajathubutu kusimama mbele za watu, na nyimbo ambazo baadhi yake bado zinasubiri ala zingine. Ushahidi ni alichokifanya baadaye. Huko Hull alikutana na Ben Watt, ambaye naye alikuwa na mkataba na Cherry Red, wakaunda kundi la Everything but the Girl, na kufikia mwaka 1984 walitoa albamu ya Eden yenye tarumbeta, saksafoni na midundo ya jazi. Albamu yake iliyofuata ya peke yake, Out of the Woods, haikutoka mpaka mwaka 2007. Mtu ambaye uchache ulikuwa chaguo lake angekaa miaka 25 bila kuurudia?

REHEMA: Angekaa, kama alikwisha kulisema alilotaka kulisema. Lakini wewe umelisahau jambo kubwa zaidi, kwamba wakati anarekodi A Distant Shore hakuwa amekosa wenzake. Alikuwa na Marine Girls, kundi la wasichana waliokuwa wamekwisha kutoa albamu ya Beach Party mwaka 1981, ambayo Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana aliiandika katika orodha ya albamu alizozipenda. Marine Girls hawakuwa na seti ya ngoma, na ilikuwa kwa makusudi. Hawa walikuwa vijana waliokulia katika kelele za panki, ule muziki wa roki wa fujo, wakajifunza kwamba yeyote anaweza kuunda bendi, kisha wakaitumia ruhusa hiyo kunyamaza. Kundi la Young Marble Giants wa Cardiff lilikuwa limekwisha kuionyesha njia hiyo mwaka 1980 kwa albamu ya Colossal Youth, na Stuart Moxham wa kundi hilo ndiye aliyekuja kuitayarisha albamu ya pili ya Marine Girls. Kwa hiyo Thorn aliujua uchache kama mtu anavyoijua kazi yake. Alikuwa na kundi, akaliacha nyumbani, akaenda kibandani na gitaa.

SALIM: Kuwa na kundi dogo na kuimba peke yako si umbali mkubwa. Naomba nilete mfano wa kwetu. Msikilizaji wetu wa Bukavu, mpiga gitaa, alituuliza kama albamu hii inaweza kulinganishwa na rekodi za mpiga gitaa wa Kongo Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akiimba Kiswahili kwa gitaa moja tu. Mimi nasema hapana. Msikilize Mwenda katika "Masanga": kidole gumba kinatembea chini, vidole vingine vinajibizana juu, na sauti inapita katikati. Gitaa lile linafanya kazi ya watu watatu, na huwezi kuongeza kitu bila kuliharibu. Gitaa la Thorn linamshikia mwendo tu, na nafasi iliyobaki ni kubwa.

REHEMA: Nafasi hiyo iliyobaki ndiyo albamu yenyewe! Mwenda aliijaza kwa sababu muziki wake ni wa barabarani na wa watu waliokusanyika, wanaotaka kuchezesha mabega. Thorn anaimba habari za mtu anayeona wazi kwamba mapenzi yanamponyoka na bado hajamwambia mtu yeyote. Ukimletea tarumbeta hapo, umemletea wageni.

SALIM: Na mimi nauliza, kama ni habari ya kutomwambia mtu, kwa nini amerekodi?

REHEMA: Kwa sababu kuimba ni namna ya kusema kwa yule usiyeweza kumtazama. Hilo mwanamke yeyote aliyewahi kuandika shairi akalificha chini ya godoro analielewa.

SALIM: Lililofichwa chini ya godoro, au ndani ya kabati, limefichwa. Sijashawishika. Naipenda albamu hii, nimeisikiliza wiki nzima, lakini ninapoisikia "Small Town Girl" ninasikia mlango ulioachwa wazi kidogo na mtu nyuma yake anayetaka kutoka.

REHEMA: Mimi ninasikia mtu aliyeufunga mlango mwenyewe na ufunguo anao mkononi. Tumezunguka hapa muda mrefu, na naona hutasogea.

SALIM: Sitasogea.

REHEMA: Wala mimi. Na fundi wetu ananionyesha saa. Yale mambo matatu ya kurekodi nyumbani hatujaligusa hata moja.

SALIM: La kabati tumeligusa vya kutosha.

REHEMA: Kabati halikuwemo kwenye orodha! Tulikuwa tuseme juu ya umbali wa maikrofoni, juu ya kurekodi gitaa na sauti kwa pamoja au mbalimbali, na juu ya kujua wakati wa kuacha kuongeza vitu. Hayo yamebaki daftarini, na sidhani kama tutayarudia, maana wiki ijayo tuna mgeni wa taarabu kutoka Unguja na saa nzima ni yake. Anayetaka kuendelea na muziki wa aina hii asikilize North Marine Drive ya Ben Watt, ya mwaka 1983, na aianze usiku.

SALIM: Au aanze na Eden.

REHEMA: Asianze na Eden. Fundi, tafadhali funga.