Mkono wa Mzee Nao Unawishwe
Mhadhara kwa walezi wa wazee, Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mama zangu, dada zangu, nanyi kina kaka mnaouguza wazazi, karibuni.

Tukitaja kuzuia maambukizi, sote hufikiria mikono ya mlezi. Ni haki. Unawe kabla ya kumgusa mzee na baada yake, kabla ya kushika mpira wa mkojo, ukigusa choo au damu, hata ukigusa shuka zake tu. Ukivua glavu, nawa pia.

Lakini mkono wa mzee mwenyewe, nani anauosha? Hapa kwetu mgeni akiingia humwamkia mzee na kumbusu mkono. Asubuhi majirani, jioni wajukuu wametoka chuoni. Mkono huohuo ndio anaojikunia, ndio anaotilia wali mdomoni. Siwaambii muwakataze watu. Mzee anahitaji kuamkiwa kama anavyohitaji dawa. Mnawisheni: wageni wakiondoka, kabla ya kula, baada ya haja.

Mpelekee birika na bakuli pale pale kitandani. Maji yamiminwe, asitumbukize mkono kwenye maji waliyonawia wengine. Sabuni ifike katikati ya vidole na chini ya kucha. Aliyepatwa na kiharusi, mkono ukajikunja ngumi, usimvute. Anza na kidole gumba, kunjua taratibu huku ukizungumza naye. Ndani utakuta jasho, harufu, pengine kucha zimeanza kuchoma kiganja. Osha, kausha vizuri kwa kitambaa chake peke yake, kata kucha.

Mzee akiharisha, msitegemee spiriti ya mikono. Yuko bakteria aitwaye Clostridioides difficile, huwapata hasa wazee waliotumia antibiotiki, na spiriti haiui mbegu zake. Hapo ni maji yanayotiririka na sabuni.

Na msingoje homa. Mzee anaweza kuwa na maambukizi mazito mwili usipate joto. Akichanganyikiwa ghafla, akikataa chakula, akianguka, msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali.

Neno kwa wenye kuajiri walezi. Mwaka 2020, corona ilipoingia nyumba ya wazee huko Kirkland, Marekani, wachunguzi waligundua kuwa baadhi ya wafanyakazi walikuja kazini wakiumwa, na wengine walifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja. Walezi wetu nao hutoka mtaa huu wakaingia ule. Mlezi akianza kukohoa, mwambieni apumzike, na ujira wake mpeni. Mkimkata, kesho atakuja na kikohozi chake.