Nani mwenye shule? Wazazi, walimu wakuu na bodi za shule huku Afrika Kusini

Hamjambo watu wangu wa nyumbani, karibuni tena. Leo niko sebuleni, watoto wamelala. Mkisikia chuma kinagonga nje ni geti la jirani, msishtuke.

Kwenye video iliyopita nilitaja kwa kupita tu kwamba shule wanayosoma wanangu hapa Johannesburg ina bodi ambayo wazazi ndio wengi, na kwamba mwalimu mkuu anabanwa maswali hadi anatoa kitambaa kujifuta jasho. Mkanijia juu! Dada mmoja wa Mwanza akaandika, "Acha kamba, mzazi gani anambana mwalimu mkuu?" Kaka mwingine akauliza kama hayo ni ya shule za wenye hela tu. La dada nalijibu sasa hivi. La kaka lina uzito wake, nitalifikia.

Huku kuna Sheria ya Shule za Afrika Kusini, Namba 84 ya 1996. Angalieni huo mwaka: miaka miwili tu baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Kabla ya hapo elimu iligawanywa kwa rangi, na tangu sheria ya 1953 mtoto mweusi alikuwa na shule yake ya hali ya chini kwa makusudi kabisa. Watoto wa Soweto waliingia barabarani Juni 1976, wengine wakapigwa risasi, wengine wakakimbia nchi. Ndugu zangu wa Morogoro mnalijua hilo, maana baadhi yao walikuja kusoma pale Mazimbu, shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania.

Sasa miaka ya 1980, kwenye makazi ya watu weusi, wazazi, walimu na wanafunzi walianza kuunda kamati zao wenyewe, kwa sababu zile za serikali ya kibaguzi hawakuzitambua. Kwa hiyo dai la "wazazi tuwe na sauti shuleni" lina jasho na damu. Lakini upande wa pili, serikali ya makaburu ilipoona mwisho unakaribia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilizikabidhi shule nyingi za wazungu kwa wazazi wao: wapange ada, waamue nani aingie. Sheria ya 1996 ni mtoto wa baba wawili wasiosalimiana. Nawaambia hivi kwa sababu bila kulijua hilo, ugomvi wote wa leo hautawaingia akilini.

Tuje kwenye muundo. Shule ina pande mbili. Upande wa kwanza ni bodi, hapa kila mtu anaiita SGB. Humo mna wazazi, walimu, wafanyakazi wasio walimu, na kama ni sekondari, wanafunzi wa darasa la nane kwenda juu. Mwalimu mkuu anaingia kwa cheo chake. Wazazi lazima wawazidi kwa mmoja wajumbe wengine wote wenye kura wakijumlishwa pamoja. Kama hao wengine ni sita, wazazi ni saba. Na mwenyekiti lazima awe mzazi ambaye haajiriwi na shule hiyo. Dada wa Mwanza, umesikia?

Upande wa pili ni menejimenti, SMT: mwalimu mkuu, wasaidizi wake, na wakuu wa idara, yaani yule anayesimamia hisabati, yule wa lugha, na kadhalika. Hawa ndio wanaoendesha shule kila siku. Ratiba, mitihani, nani anafundisha darasa gani, mwalimu mchelewaji, yote ni yao. Mwenyekiti wa bodi hana ruhusa ya kuingia darasani na kumwambia mwalimu afundishe vipi. Wapo wanaojaribu, na hapo ndipo vita huanza.

Mwalimu mkuu ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Kwenye menejimenti yeye ni bosi, na anawajibika kwa mkuu wa idara ya elimu ya mkoa. Kwenye bodi ni mjumbe tu, anatakiwa kuisaidia na kuipa taarifa. Idara ikisema hivi na bodi ikasema vile, yeye yuko katikati. Mimi nikimwona mwalimu mkuu wetu amenyamaza sana kikaoni, najua ana barua ya idara mfukoni.

Ngoja niwapeleke ndani ya kikao chenyewe, kile cha bajeti. Kisheria wazazi wapewe taarifa siku 30 kabla, na bajeti yenyewe iwe wazi kukaguliwa pale shuleni angalau siku 14 kabla ya mkutano. Sisi hufanya jioni, ukumbini, viti vya plastiki, baridi ikiwa bado haijaondoka vizuri. Kila mtu anapewa karatasi mbili. Mweka hazina, mama mmoja mhasibu, anasoma mstari kwa mstari: ulinzi, wino wa mashine ya fotokopi, umeme, mishahara ya walimu walioajiriwa na bodi, madeni ya ada yasiyolipika.

Akafika kwenye ukarabati wa vyoo. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, anayelea wajukuu wawili pale shuleni, akasimama na ile karatasi, miwani puani. Akauliza kwa Kizulu, taratibu kabisa: "Mwaka jana mlitutajia vyoo. Mjukuu wangu bado anajizuia mpaka arudi nyumbani. Zile hela zilikwenda wapi?" Ukumbi kimya. Mwenyekiti akamtazama mweka hazina, mweka hazina akamtazama mwalimu mkuu. Ikabidi ielezwe kwamba bomba kuu lilipasuka na hela ikahamishiwa huko. Bibi akasema haya, basi iandikwe kwenye muhtasari kwamba vyoo vinaanza muhula wa kwanza. Ikaandikwa.

Na huyo bibi si mgeni mwalikwa. Sheria inamhesabu mzazi kuwa pamoja na mlezi na mtu yeyote aliyebeba jukumu la elimu ya mtoto huyo. Ana kura sawa na yangu. Hata ada yenyewe haipangwi ofisini. Inapitishwa kwa kura za wazazi walio wengi kwenye mkutano huo. Ikishapita, wote tunadaiwa, ila asiye na uwezo anaomba msamaha, wa ada yote au sehemu, kulingana na kipato. Mtoto wa shule ya serikali hakataliwi nafasi kwa sababu mzazi hana ada. Na viboko, kwa wale mtakaouliza, vilipigwa marufuku na sheria hiyohiyo. Kumfukuza mtoto moja kwa moja pia si uamuzi wa mwalimu mkuu. Kesi husikilizwa na bodi, uamuzi wa mwisho ni wa mkuu wa idara mkoani.

Haya, kaka yangu, swali lako.

Shule za serikali huku zimepangwa kwa makundi matano kulingana na umaskini wa eneo. Kundi la kwanza hadi la tatu ni shule zisizotoza ada. La nne na la tano zinatoza. Sasa fikiria shule ya mtaa wa matajiri. Bodi yake ina mwanasheria, mhasibu na mhandisi, wote wazazi, wote wanajitolea. Wanapanga ada kubwa, wanaajiri walimu wa ziada juu ya wale wa serikali, darasa linakuwa na watoto wachache. Shule ya kijijini Limpopo au Eastern Cape ina bodi ileile, sheria ileile, kura zilezile, lakini mwenyekiti ameacha shule zamani, nyaraka ni za Kiingereza, na kikao kikiitwa saa tisa mchana wazazi wako vibaruani. Sheria inasema idara za mikoa ziwape wajumbe mafunzo. Yakifika, ni ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mwenyekiti anaishia kuamini anachoambiwa na mwalimu mkuu, anasaini hundi. Mkaguzi wa hesabu akija na maswali, ni sahihi yake iliyo pale chini.

Mimi maoni yangu ni haya: wale walioandika sheria waligawa madaraka sawasawa, wakasahau kwamba muda na elimu havikugawanywa sawasawa. Kaka, umepatia zaidi ya nusu.

Kuna la ajira pia. Bodi ndiyo inayopendekeza mwalimu gani apewe nafasi au apandishwe cheo, idara ndiyo inayoteua. Penye mapendekezo pana bahasha, mnajua wenyewe. Mwaka 2016 ilitoka ripoti ya timu ya waziri iliyoongozwa na Profesa John Volmink kuhusu nafasi za ualimu na ualimu mkuu kuuzwa, na iligusa hadi ushawishi wa chama kikubwa cha walimu, SADTU, kwenye idara za mikoa mingi. Wakati bodi haijiamini, mtu wa pembeni anakuja na jina lake tayari.

Na zile shule zenye nguvu nazo zimekuwa na mchezo wao wa kukataa watoto: tumejaa, au hapa tunafundisha kwa Kiafrikana tu, ile lugha ya makaburu. Shule ya Ermelo kule Mpumalanga ilifika hadi Mahakama ya Katiba mwaka 2009 kwa jambo la lugha, na mahakama ikaitaka bodi ipitie upya sera yake, iangalie pia watoto wa nje ya geti wasio na pa kusoma. Mwaka 2013 ikaja ya Rivonia Primary, hapahapa Johannesburg, kuhusu nafasi. Mahakama ikasema bodi inaweza kupanga idadi yake, lakini idara haifungwi mikono nayo, mradi ifuate utaratibu wa haki.

Hatimaye Rais Ramaphosa akasaini sheria ya marekebisho, BELA, Septemba 2024. Vifungu vya lugha na uandikishaji vilizua kelele hata ndani ya serikali ya mseto, vikasubirishwa miezi mitatu, kisha sheria ikaanza kazi Desemba mwaka huohuo. Sasa bodi bado inaandika sera, ila neno la mwisho kwenye uandikishaji ni la mkuu wa idara mkoani. Mimi naunga mkono, kwa shingo upande. Mtoto wa makazi ya watu weusi asikataliwe kwa sababu ya lugha. Lakini nimewahi kufuatilia barua katika ofisi moja ya elimu hapa, nikazungushwa wiki hadi wiki, kwa hiyo nikisikia "idara itaamua" tumbo linanicheza.

Kwa nyie mlioko huku Afrika Kusini mkinitazama: uchaguzi wa bodi ni kila miaka mitatu, wa mwisho ulikuwa Machi 2024, kwa hiyo 2027 mjiandae. Hakikisha jina lako liko kwenye daftari la wazazi wapiga kura pale shuleni, na usipoliona uliza mapema. Akidi ni asilimia 15 ya wazazi tu. Isipotimia, mkutano unaitwa tena, na huo wa pili hauhitaji akidi, waliokuja ndio wanaochagua. Shule nyingi bodi inapatikana hivyo, na watu thelathini.

Ya watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa nimeona mmeuliza sana. Hiyo nitaifanyia video yake, nitumieni maswali.