Breki za Kigari Uwanjani: Mguu Unakuambia Nini

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Nawashukuru mlioivumilia foleni ya Barabara ya Morogoro mkafika.

Nimeombwa nizungumzie breki za kigari kidogo kinapopelekwa kwenye uwanja wa mbio: Vitz, Swift, Demio, Fit, Golf, haya magari ya mkia mfupi yaliyojaa mjini kwetu. Hapo nje kwenye maegesho nimeona kalipa, yale makucha yanayobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu, zimepakwa rangi nyekundu. Zimependeza, ila rangi haipozi kitu. Leo nazungumzia joto, maana uwanjani ndilo linalomaliza breki, na mguu wako ndio wa kwanza kupata taarifa. Ukijua kuisoma hiyo taarifa, utajua fedha yako iende wapi.

Tuanze na hesabu kidogo. Chukua kigari cha kilo 1,100 pamoja na dereva. Kinafika mwisho wa njia iliyonyooka kwa kilomita 160 kwa saa, na kona iliyo mbele inataka 60. Una sekunde tatu hivi za kupiga breki. Nishati ya kuondolewa hapo ni kama kilojuli 930. Upepo na matairi vinachukua kidogo, sehemu kubwa inageuka joto kwenye pedi na diski. Joto la kiasi hicho linaweza kuchemsha lita tatu za maji ya bomba. Hiyo ni kona moja, na baada ya muda mfupi inakuja nyingine. Sasa linganisha na mjini: ukisimama kutoka mwendo wa 50 kwenye mataa ya Magomeni, ni kilojuli 106 tu, halafu unakaa hapo unapoza breki huku ukinunua karanga.

Gawanya zile 930 kwa sekunde tatu, unapata wastani wa kilowati 300 na kitu. Swift Sport ya miaka ya 2005 hadi 2010, ile ya injini ya lita 1.6, inatoa nguvu za farasi 125, yaani kilowati 92. Maana yake breki zinafanya kazi mara tatu ya injini. Ndiyo maana nashangaa mtu anapotumia mshahara wa miezi kwenye bomba la moshi, halafu pedi anachukua zozote alizokuta dukani.

Halafu mzigo wenyewe haugawanywi sawa. Injini iko mbele, gia ziko mbele, na ukikanyaga breki gari linainamia mbele. Kwa vigari hivi robo tatu ya kazi, wakati mwingine asilimia 80 na zaidi, inafanywa na magurudumu mawili ya mbele. Hayo hayo ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayovuta gari.

Niseme jambo kwa wapenzi wa rali, maana nchi yetu imelelewa na rali. Tangu Safari ya kwanza ya 1953, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, sisi mbio tunazijua kwa vumbi. Lakini kwenye vumbi tairi linateleza, na breki haiwezi kufanya kazi kuliko tairi linavyoshika. Kwenye lami kavu tairi linashika barabara sawasawa, breki inabeba mzigo wote, na ukifunga matairi laini zaidi unauongeza. Kwa hiyo anayesema "mimi gari langu nimelikimbiza Bagamoyo kwenye vumbi siku nzima na breki hazikunisumbua" anasema kweli, ila ni kweli ya vumbi.

Sasa mguu. Breki zikizidiwa na joto kuna namna kuu mbili, na ni lazima uzitofautishe.

Ya kwanza: pedali ni ngumu, iko palepale juu, unakanyaga kwa nguvu zote na gari haling'ati. Hapo pedi ndizo zilizozidiwa. Gundi inayoshikilia mchanganyiko wa pedi imepata moto kupita kiasi, na msuguano umeshuka. Pedi nyingi za barabarani zinaanza kulegea joto likiwa kati ya nyuzi 300 na 400 za Selsiasi. Jambo hili mnalijua bila kwenda uwanjani. Lori linaloteremka Mlima Kitonga dereva akiwa anategemea breki peke yake linafika chini linatoa moshi. Lori lile linatumia breki za upepo, hakuna mafuta ya kuchemka. Kilichochoka ni laini, yaani ule utando wa msuguano, na ngoma unayoisugua.

Ya pili: pedali inazama. Ulikuwa unaipata juu, mzunguko unaofuata imeshuka, mwingine imefika sakafuni. Pedi zinaweza kuwa nzima kabisa. Kilichotokea ni kwamba mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Hii ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu mbili. Inakuja ghafla kuliko ile ya kwanza. Na ukipumzika nusu saa pedali inarudi juu, unasema imepona, unarudi uwanjani, na mafuta ni yaleyale. Ikikukuta ukiwa kwenye mwendo, pampu pedali haraka haraka, shusha gia, na ukitafute mapema kile kipande kipana cha pembeni ya kona.

Hapa kwenye mafuta nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wa Dar wanapopotezea siku.

Mafuta ya kawaida ya breki yananyonya maji kutoka hewani. Yananyonya kupitia mipira, na kupitia tundu la hewa la kopo lake. Nasi tunaishi pwani, ambako hata chumvi ya jikoni inashikana kwa unyevu. Viwango vya mafuta haya vinatoa namba mbili: kiwango cha kuchemka yakiwa mapya, na cha kuchemka yakiwa na maji asilimia 3.7. DOT ni alama ya daraja la mafuta, imeandikwa kwenye kopo. DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanywa maji hayo, kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230, yanashuka mpaka 155. DOT 5.1 ni 260, yanashuka mpaka 180. Angalieni vizuri: DOT 5.1 yaliyochakaa yanachemka mapema kuliko DOT 3 yaliyofunguliwa leo asubuhi. Namba ya kwenye kopo haikusaidii kama yaliyomo yana miaka minne.

Na magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Huku mwenye gari anabadilisha oili ya injini bila kukosa, ila mafuta ya breki anaongeza tu yakipungua. Mimi nasema hivi: kabla ya siku ya uwanja, toa mafuta yote ya zamani, weka DOT 4 nzuri au 5.1, na fundi atoe upepo ulio ndani ya breki za magurudumu yote manne mpaka mafuta yatoke masafi. Kwa kigari, lita moja inatosha na inabaki. Nunua makopo madogo ambayo hayajafunguliwa. Kile kilichobaki kwenye kopo lililokaa wazi gerejini kisiende uwanjani. Yapo pia mafuta ya mashindano yanayovuka nyuzi 300 yakiwa mapya. Mazuri, ila yanataka kubadilishwa mara kwa mara. Na DOT 5 tupu, bila ile moja ya mbele, ni jamii nyingine kabisa, ni ya silikoni. Usiichanganye na hizi. Fundi akikuambia "tano ni kubwa kuliko nne, kwa hiyo ni bora", mshukuru kwa upole uondoke.

Tukija kwenye pedi: hakuna pedi inayopenda kila kitu. Ile ya mbio halisi inang'ata ikiwa ya moto, ila asubuhi ikiwa baridi haishiki vizuri, inapiga kelele na inakula diski. Kwa mtu anayeliendesha gari hilohilo kwenda kazini Posta, atafute pedi ya kati, ile iliyotengenezwa kwa barabara na uwanja, na azinunue kwa namba ya gari lake, siyo kwa kupima kwa macho kaunta ya Kariakoo. Feki zipo, na uwanjani ndipo zinapojulikana.

Kitu kingine ni unene. Pedi mpya ya kigari ina milimita kumi hivi. Mjini ikibaki milimita nne unaweza kuendelea na maisha. Uwanjani ningeikataa ikiwa chini ya milimita sita, maana pedi nyembamba inaisha haraka, na pia ndiyo kinga pekee kati ya diski ya moto na pistoni yenye mafuta nyuma yake. Kwa hiyo pedi iliyokwisha inaweza kukuletea ule ugonjwa wa pili, na wewe ukalaumu mafuta.

Pedi mpya zinataka kuzoeshwa na diski: unapunguza mwendo kwa nguvu mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha unaendesha polepole zipoe. Fanyeni hivyo kwenye mizunguko ya kwanza ya uwanja. Mkifanya kwenye Barabara ya Bagamoyo mtakutana na trafiki mwenye tochi, na atakuwa na haki.

Diski nitazipitia haraka. Usukani ukitetemeka unapopiga breki, mara nyingi diski haijapinda. Ni masalia ya pedi yameganda kwa mabaka. Mafundi wetu wanakimbilia kuchonga diski. Kila ukiichonga inakuwa nyembamba, na diski nyembamba inabeba joto dogo zaidi. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umepigwa muhuri kwenye diski yenyewe, soma. Diski za matundu kwa kigari cha kilo 1,100? Kwangu ni urembo, na nyufa hupenda kuanzia kwenye matundu hayo. Nunua diski nzima, yenye nafasi ya hewa katikati, ya kawaida tu. Ukitaka kupoza, vua vile vifuniko vya plastiki vya rimu, vinaziba hewa na vinaweza kuyeyuka. Kisha pitisha bomba la hewa kutoka kwenye bampa hadi katikati ya diski.

Sasa dereva. Rudini kwenye hesabu yetu. Ukifika mwisho wa ile njia na 150 badala ya 160, kwa kuachia mafuta mapema kidogo, joto la kona ile linapungua kutoka kilojuli 934 mpaka 802. Asilimia 14, bila kununua kitu. Ndiyo maana dereva mwenye akili anazikimbiza breki mizunguko michache, kisha anazipa mzunguko wa kupumua. Ukikanyaga, kanyaga sawasawa kisha achia. Usiende na mguu umeegemea pedali huku mwingine ukiwa kwenye mafuta. Na ABS haipunguzi joto, inazuia gurudumu lisijifunge tu. Mfumo wa kudhibiti utelezi nao unaweza kushika gurudumu mojamoja bila wewe kujua. Pedi za nyuma zikiisha kwa namna ya ajabu, anzieni hapo.

Kijana mmoja ameniuliza wakati wa chai: kwa nini tusitumie gia kama wale wa Kitonga? Pale mteremko ni mrefu na mwendo ni mdogo, gia inafanya kazi kubwa. Uwanjani una sekunde tatu. Shusha gia ili utoke kwenye kona ukiwa na nguvu, lakini kusimamisha gari waachie breki. Pedi ni bei ndogo kuliko klachi. Na wenye CVT, ile gia otomatiki inayotumia mkanda, mtazame joto la gia kabla ya breki.

Ukimaliza, zunguka mzunguko mzima bila kugusa breki ikiwezekana. Ukiegesha usivute hendibreki, weka gia na jiwe kwenye tairi, kama tunavyofanya siku zote. Baada ya dakika chache sogeza gari kidogo, pedi isigande mahali pamoja. Na vijana wa kuosha magari wasikaribie na ndoo, maji ya baridi kwenye diski yenye moto yanaweza kuipasua.

Maswali. Mzee wa mbele anauliza kama afunge kalipa kubwa za gari jingine, used. Inawezekana, mzee wangu, ila masta silinda yako, ile pampu inayosukumwa na pedali, ilipigiwa hesabu ya pistoni za kalipa zako. Ukiweka kubwa zaidi, pedali inakwenda mbali, na mgawanyo wa mbele na nyuma unaharibika. Badilisha mafuta na pedi kwanza, uendeshe. Pedali ikibaki juu na gari linang'ata hadi mwisho, fedha yako weka mfukoni.

Dada wa kule nyuma, Vitz yako ina breki za ngoma nyuma. Hakuna shida, dada yangu, kazi kubwa iko mbele. Ila ngoma inakaa na joto muda mrefu na ikipoa inasinyaa, kwa hiyo lile katazo la hendibreki kwako ni mara mbili. Kabla ya kwenda, fundi afungue ngoma, asafishe vumbi, arekebishe shuu, vile vibao vinavyosugua ngoma, aangalie silinda ya gurudumu. Akikuta unyevu wa mafuta pale, silinda inavuja, na siku hiyo gari halitoki.