Panda Kilima Kikali kwa Baiskeli Bila Kushuka: Njia ya Luchelele, Mwanza

Mwangaluka wapendwa, karibuni tena. Leo tuko Luchelele, mbele ya Nyegezi. Ziwa lile pale, na mawe yetu ya Mwanza haya hapa. Mimi hii njia naipenda kuliko zote. Kilima chenyewe ni kifupi, ila kimesimama kweli kweli, na nataka ukimalize ukiwa juu ya kiti.

Haya, kofia ngumu vaa, breki jaribu, tairi minya. Hayo mnayajua, twende.

Kiti. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Wengi wanaokuja kwangu kiti wamekishusha mno, goti linakunjika, paja linawaka moto kabla hata ya mlima. Kipandishe.

Sasa gia. Mdogo wangu, sogeza kamera hapa, karibu zaidi, waone meno. Gia ndogo ya mbele hii ina meno 22, kubwa ya nyuma ina 34. Pedeli ikizunguka mara moja, tairi linazunguka kama theluthi mbili tu. Ndiyo maana mguu unakuwa mwepesi. Mbele ndogo, nyuma kubwa, basi.

Na hapa naomba mnisikilize. Badilisha gia KABLA hujaanza kupanda. Mnauona ule mwembe? Barabara bado imelala pale. Pale pale ndipo unapobadilisha, ukiwa bado unakanyaga kwa raha...

Subiri, lori la mchanga hilo. Lipite kwanza. Funika kamera! Haya, futa kioo. Kinaonekana? Sawa.

Nilikuwa nasema: kabla. Ukishaingia mlimani cheni imekazwa na uzito wako wote. Ukibonyeza gia wakati huo cheni inaruka meno, inachomoka, au inakatika kabisa, na goti linakwenda kwenye hendeli. Cheni zilizokatika naletewa kila mara, na ukimuuliza mtu ilikuwaje, jibu ni mlimani. Kama umechelewa kweli, kanyaga raundi moja kwa nguvu upate mwendo, kisha legeza mguu nusu raundi huku unabonyeza. Lakini usiizoee hiyo. Kabla, jamani. Kwenye mwembe.

Twende sasa. Naanza taratibu, sikimbilii. Nasogea mbele, nakaa kwenye ncha ya kiti, viwiko nimekunja, kifua chini. Ukikaa nyuma tairi la mbele linanyanyuka. Ukisimama kwenye changarawe kama hii, la nyuma linateleza. Mnasikia? Kokoto zile zinaruka. Hapo nilijiinua kidogo tu muone. Kwenye lami simama ukipenda, hapa kaa.

Pita hapa zinapopita tairi za magari, pameshindiliwa. Katikati kuna kokoto, pembeni mvua imechimba makorongo. Macho yawe mita chache mbele, usiangalie kileleni. Pumua kwa tumbo. Wageni kutoka Dar mtahema zaidi kidogo, ziwa lenyewe tu liko mita 1,134 juu ya bahari.

Shikamoo mzee! Pole na kazi!

Marahaba, anasema. Mmeona anasukuma? Ana gunia la mkaa kwenye Phoenix ya gia moja, ambayo pedeli ikizunguka mara moja tairi linazunguka zaidi ya mara mbili. Mlima huu kwa gia hiyo na mzigo ule, kusukuma ndiyo akili. Heshima kwake.

Ukikwama katikati, usilazimishe kuondoka ukiwa umeelekea juu moja kwa moja. Angalia magari mbele na nyuma, geuza baiskeli iwe mshazari, shika breki, pandisha pedeli moja juu, kanyaga na achia breki kwa pamoja. Ukishakaa sawa ndipo unanyoosha.

Tumefika. Usisimame ghafla, endelea kuzungusha miguu polepole, kisha ongeza gia moja moja. Kule chini mitumbwi ya dagaa imepumzika; usiku mtaziona taa zao kutoka hapa.

Cheni, gia na breki za mtumba ninazo, banda liko Nyegezi. Ukinunua kwangu nafunga mwenyewe, na nakupangia gia mpaka ziingie bila kelele. Video ijayo ni kushuka kilima hiki hiki, kwa hiyo breki zikaguliwe kuanzia leo.