Mama, ndizi zake, na samaki wa Milwaukee

ATHUMANI: Haya haya, karibuni tena kibarazani, mie Athumani, tuko hapa hapa Mombasa, kaskazi imeingia, bahari shwari, jua lawaka lakini upepo upo alhamdulillahi.

ZUHURA: Na mie Zuhura, kahawa chungu iko, kashata ziko, kwa hivyo mkisikia mtu atafuna jueni ni Athu si mie.

ATHUMANI: Urongo huo. Sasa wiki iliyopita ulitupa neno mwishoni halafu ukaaga, ati mwezi wa nane ulienda kuvua Marekani. Dadangu wewe ni mtu wa Kuze, ukifungua dirisha wasikia nahodha akitukanana na utingo wake, unapanda ndege ukavue kwenye ziwa?

ZUHURA: Ndo hapo sasa! Na wajua lililoniuma ni nini, mwanangu ana miaka minane, amelala na kuamka karibu na bahari maisha yake yote, samaki wake wa kwanza kumvuta kwa mikono yake mwenyewe kamvutia Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kwenye maji yasiyo na chumvi. Nilifurahi pale, halafu usiku nikakaa nikajiona mjinga.

ATHUMANI: Tutafika hapo, usitangulie. Anza mwanzo.

ZUHURA: Mwanzo ni dadangu, yuko kule miaka mingi, na mumewe ndiye aliyekodi boti. Tulikuwa sita: mie, mwanangu, dada na mumewe, binti yao wa miaka kumi na mbili, na mama.

ATHUMANI: Bi Mkubwa alikwenda?! Shikamoo zake huko aliko.

ZUHURA: Alikwenda, na buibui lake, na juu ya buibui laifujaketi, na kikapu. Na sita ndo mwisho, boti nyingi za kule za kuchukua familia nahodha leseni yake ni ya abiria sita tu, wa saba hapandi hata ukilia. Na bei si ya kichwa, walipa boti nzima, uwe mmoja uwe sita, ndo maana watu wanajikusanya ukoo.

ATHUMANI: Kama kukodi matatu ya harusi.

ZUHURA: Hivyo hivyo. Sasa tumeamka saa tisa na nusu usiku, saa kumi na moja tuko gatini, giza, baridi mwezi wa nane hebu fikiria, mtoto amevaa sweta mbili. Nahodha yuko mlangoni pa boti awapokea watu vizuri, aangalia viatu, aangalia jaketi la mtoto limefungwa sawa, halafu macho yakaanguka kwenye kikapu cha mama. Mama amebeba mahamri, mbaazi kwenye chupa ya moto, na ndizi. Yule bwana kaona ndizi, kasimama.

ATHUMANI: Ndizi zina nini?

ZUHURA: Ni mkosi! Wavuvi wa boti hizi za kukodi wanaamini ndizi kwenye chombo ni mkosi, hupati samaki. Acheka lakini hacheki, waelewa? Dada akamtafsiria mama, mama akamuangalia yule nahodha kutoka unyayo mpaka utosi, akasema, "Mwambie babangu alikuwa mvuvi miaka arubaini na asubuhi alikuwa akila ndizi." Ikabidi shemeji azirudishe garini. Mahamri yakapita.

ATHUMANI: Mahamri hayana kesi popote duniani.

ZUHURA: Kwanza yule kijana msaidizi wa nahodha alikula manne. Haya, tukatoka, na hilo ziwa Athu ndo nataka watu waelewe, Ziwa Michigan si ziwa la kusema naona ng'ambo. Ukishatoka nusu saa hakuna kitu mbele yako ila maji. Victoria yetu ni kubwa kuliko hilo kwa upana, Victoria ni kama kilomita za mraba 68,800, Michigan kama 58,000, lakini kina! Victoria pale pa kina kabisa ni kama mita 80, hili lafika mita 281.

ATHUMANI: Na Bi Mkubwa?

ZUHURA: Mama hakuamini kuwa ni ziwa. Tulipokuwa tungali gatini alichovya kidole akakilamba. Akanyamaza. Halafu akasema, "Haya ni maji ya kufulia." Na njia nzima akirudia mbona hainuki kitu, bahari gani hainuki.

ATHUMANI: Sasa huko mnavua vipi, mnatia nanga mnatega?

ZUHURA: La, wanarambaza. Kurambaza kule kule kwa wazee wetu, mshipi waburutwa nyuma ya chombo, mwendo wa mtu anayetembea. Kila mtu kule Wisconsin aruhusiwa mishipi mitatu, sasa piga hesabu watu watano wenye haki ya kuvua, nyuma ya boti ni kama duka la nyuzi.

ATHUMANI: Watano? Si mlikuwa sita?

ZUHURA: Mama hakukata leseni, alisema yeye ni mtazamaji. Kule mtu mzima lazima leseni, kuna ya siku mbili ya maziwa makuu inawafaa wageni, watoto wa miaka 15 kushuka chini hawakati. Sasa ujanja wa mambo uko hapa, sikiliza vizuri. Hawa samoni, ndo samaki tuliowafuata, wapenda baridi, digrii kumi mpaka kumi na tatu hivi. Kiangazi maji ya juu yanapata joto, ya chini yamebaki kama ya friji, kwa hivyo samaki amekaa pale katikati kwenye mpaka, na mpaka huo leo uko mita kumi na tano kesho uko thelathini. Kazi ya nahodha ni kuutafuta huo mpaka.

ATHUMANI: Autafuta na nini, na mguu?

ZUHURA: Acha! Pale nyuma kuna mashine ina waya, na kwenye waya kuna chubwi, lakini si chubwi letu la kuvulia changu, hili ni tufe la risasi la kilo nne na nusu mpaka tano na nusu hivi. Mshipi wako unabanwa na kibanio kwenye huo waya, chubwi lashuka mpaka kina anachotaka, na kuna kidude karibu yake kinamwambia joto la huko chini. Samaki akipiga, mshipi unachomoka kwenye kibanio, rodi, ile fimbo ya kuvulia, iliyokuwa imepinda inaruka juu, na hapo tena samaki yuko na wewe tu, lile zito limebaki kwake. Ndo maana mtoto anaweza. Hapigani na kilo tano za risasi.

ATHUMANI: Hiyo nimeipenda. Babu yangu angeiiba.

ZUHURA: Na upepo wana akili nao kama wetu. Milwaukee iko upande wa magharibi wa ziwa, sasa upepo ukivuma siku mbili tatu kutoka bara, unasukuma maji ya moto kwenda kati, ya baridi yanapanda huku ufukweni, na samaki yaja nayo. Siku hiyo ilikuwa hivyo, hatukwenda mbali hata kidogo, majumba ya mji tuliyaona muda wote, na kwa mtoto hiyo ni muhimu, kuona nchi kavu kunamtuliza.

ATHUMANI: Mie kuona nchi kavu hakukunisaidia. Si nilikwambia nilivyokwenda kisiwani Wasini wakati wa kusi, mwezi wa saba, watu wala kaa mie nalisha samaki.

ZUHURA: Wewe ulikula biriani kabla ya kupanda Athu, hiyo si kusi. Wale wanakwambia mapema, kula kidogo kitu kikavu, tangawizi, macho mbali kwenye upeo wa maji, usikae ndani ukaangalia simu. Binti ya dada alikaa na simu. Dakika ishirini, kijani kama kisamvu.

ATHUMANI: Maskini! Mkarudi?

ZUHURA: Nahodha alisema twaweza kurudi, na hilo nilimheshimu kwa kweli, alimuuliza mtoto mwenyewe si wazazi. Mtoto akasema ngoja. Akakaa nje na bibi yake, mama akampa hamri kavu, akamwimbia, akapona. Na safari yenyewe ni masaa matano sita tu, si ile ya wanaume wa kutoka alfajiri warudi magharibi na kiburi.

ATHUMANI: Samaki sasa, Zuhura, samaki.

ZUHURA: Rodi ya kwanza ikaruka saa kumi na mbili kasoro, jua bado, vile vyambo vyao vya bati kama vijiko vimepakwa rangi ya kung'aa gizani, msaidizi avimulika tochi kwanza ndo avitia majini. Mtoto akapewa rodi, kitako kimekaa tumboni, akazungusha rili weee, samaki akakatika. Akalia. Alilia kilio cha msiba. Yule kijana kamwambia hata mie wangu wa kwanza alikimbia, sijui kweli sijui urongo, lakini kilio kikaisha. Wa pili akaja baada ya saa nzima, dakika kumi na tano wapigana, baba mdogo amemshika mshipi wa suruali kwa nyuma, samaki akija akiona boti akimbia tena, mshipi watoka wapiga kelele zzzzz, mpaka akatiwa kwenye wavu wa mkono. Kilo nane na kitu!

ATHUMANI: Mashallah! Huyo ni nguru mzima.

ZUHURA: Ni samoni aitwaye chinuki, na wenyewe wamwita king.

ATHUMANI: Si ndo nguru, kingfishi!

ZUHURA: Si kingfishi, king tu, mfalme, ukoo mwengine kabisa. Kijana akamfungua mdomo akamuonyesha mtoto, ufizi mweusi ni chinuki, ufizi mweupe ni koho, ndugu yake mdogo. Tukapata koho wawili na trauti wa ziwa mmoja. Sheria samoni na trauti kwa jumla ni watano kwa mtu kwa siku, hatukukaribia hata.

ATHUMANI: Hao samoni si samaki wa bahari lakini? Wafanya nini ziwani?

ZUHURA: Wametiwa! Wenyeji ni yule trauti wa ziwa. Walichimba mfereji wa kupita maporomoko ya Niagara meli zipite, na kwenye njia hiyo akapita kiumbe kama mkunga hana taya, ana mdomo wa duara wenye meno, anamganda samaki anamnyonya damu. Kufika miaka ya 1950 trauti wa Ziwa Michigan kaisha. Halafu kikaingia kisamaki kidogo cha baharini jamii ya dagaa, hakina wa kukila, kikazaana mpaka mwaka 1967 kilikufa kwa wingi fukwe za Chicago zikanuka, ikabidi wazoe kwa matingatinga. Mwaka mmoja kabla, serikali ya jimbo la Michigan ilishatia vifaranga vya koho, mayai yalitoka Oregon, ndo waje wamle huyo kisamaki, chinuki akafuata 1967. Na boti za kukodi zikaota kama uyoga.

ATHUMANI: Kama mbuta wa Victoria basi.

ZUHURA: Ndugu moja! Mbuta naye katiwa miaka ya 1950, akala wenyeji wengi. Tofauti huyu chinuki amekuja kufunga duka lililokuwa wazi. Na yeye akishakua miaka mitatu minne anarudi mto aliotokea, anaunusa, akiingia hali tena, ataga, afa. Mwanangu kusikia hivyo akauliza sasa huyu wetu alikuwa anaenda kufa? Nikamwambia ndio, alikuwa njiani.

ATHUMANI: Mwezi wa nane.

ZUHURA: Ndo wanapojikusanya karibu na midomo ya mito. Akanyamaza kidogo, akasema basi tumle haraka.

ATHUMANI: Mlimpika vipi, usiniambie mlimpaka limau mkamtia ovena.

ZUHURA: Mama yupo, ovena ya nini? Wa kupaka, ukwaju, tui la mkebe likamkera lakini likafaa. Ila kuna jambo, usile kila siku, ziwa lile lina kemikali za viwandani za zamani zaitwa PCB, Marekani walizipiga marufuku 1979 lakini zimekaa kwenye mafuta ya samaki, hasa wakubwa, kwa hivyo watoto na wajawazito wanapimiwa. Tukatoa ngozi na mafuta ya tumbo. Mama kuona ngozi yatupwa, uso ulimkunjamana.

ATHUMANI: Haya niambie, hapa kwetu twashindwa nini?

ZUHURA: Hatushindwi kitu! Boti za Mtwapa ziko, Kilifi ziko, Watamu ziko, lakini zimepangwa kwa mtalii anayetaka sulisuli apige picha, bei ya kukukimbiza. Na sisi wenyewe mtoto wa pwani twamwambia usiende baharini utazama, basi akue ajue bahari ni ya kuogopa na samaki ni wa kununua. Simlaumu mtu, mie pia nilifanya hivyo.

ATHUMANI: Sasa?

ZUHURA: Sasa nimeongea na mzee mmoja ana boti ya wastani kule Mtwapa, nikamwambia nataka masaa matatu tu, ndani ya mto na mdomoni pale, laifujaketi za watoto ziwe za watoto si za mtu mzima zimefungwa kamba. Akauliza mwataka samaki gani, nikamwambia yoyote, changu mdogo kama kidole atosha. Akasema basi tungoje maji mafu, bamvua likipita, mkondo upungue, watoto wasichoke.

ATHUMANI: Lini hiyo?

ZUHURA: Jumapili ijayo. Watoto wako watatu nimewahesabu. Wewe utakunywa chai ya tangawizi na hutakula biriani.

ATHUMANI: Nimesikia. Na huyu wako yuko tayari?

ZUHURA: Huyu sasa ukienda naye sokoni aibu tupu, kila samaki mezani amfungua mdomo atafuta ufizi mweusi, wauzaji wamemchoka.

ATHUMANI: Na Bi Mkubwa yuaja?

ZUHURA: Ameshaagiza mkungu mzima. Amesema hakuna nahodha wa Mtwapa atakayemshushia ndizi zake.